Meno ya Utotoni Yasipuuzwe

Asubuhi moja jirani yangu alibisha hodi akiwa amembeba mwanawe wa miaka minne. Shavu la mtoto lilikuwa limefura kama mwenye andazi zima mdomoni, na usiku kucha hakuna aliyelala. Nilipomshauri ampeleke kwa daktari wa meno, mama huyo alishangaa.

"Lakini dada, hayo si meno ya utoto tu? Si yatang'oka yenyewe?"

Wengi wetu tunafikiri hivyo, na fikira hiyo ndiyo inayowaponza watoto. Meno ya utotoni ni 20. Aghalabu la kwanza hutokeza mtoto akiwa na miezi sita hivi, na kufikia miaka mitatu huwa yametimia. Ya mbele huanza kung'oka akiwa na miaka sita, lakini magego hubaki hadi miaka 10 au 12. Isitoshe, kila jino la utotoni hulilindia nafasi lile la ukubwani linaloumbika chini yake. Likiondoka mapema, meno ya kando huliegemea pengo, na jino jipya likija hukosa pa kusimama, likaota kombo.

Yule mtoto aling'olewa magego mawili. Daktari alipouliza mtoto hula nini, mama alijibu kwa fahari kwamba peremende haziingii nyumbani mwake. Mambo yalifichuka alipoulizwa kuhusu usiku. Tangu aachishwe kunyonya, mtoto alikuwa akilazwa na chupa ya chai ya maziwa yenye sukari, akiivuta kidogo kidogo hadi usingizi umchukue. Yaya naye aliijaza tena kila mtoto alipolia. (Simlaumu yaya, nani asiyetaka mtoto anyamaze saa nane za usiku?)

Mchana mate husaidia kuosha meno. Mtu akilala, mate hupungua, na ile chai hubaki imeyaganda meno kwa saa nyingi. Viini vilivyomo kinywani huigeuza sukari kuwa asidi, nayo asidi hula gamba gumu la jino. Meno ya mbele ya juu ndiyo huumia kwanza, kwa kuwa yale ya chini hukingwa na ulimi. Basi mwinue mwanao mdomo wa juu, umtazame penye mwanga. Ukiona mstari mweupe kama chaki karibu na ufizi, jino limeanza kudhoofika, ila bado laweza kuokolewa. Ukisubiri hadi ugeuke kahawia au utoboke, umechelewa.

Jirani yangu alipunguza sukari kwanza, kisha akawa akiongeza maji kila usiku, mpaka chupa ikawa ya maji matupu. Zilikuwa siku za vilio, hakunificha.

Kupiga mswaki kwaanza na jino la kwanza, asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa yenye floraidi. Asiyefika miaka mitatu atoshwe na dawa kiasi cha punje ya mchele; wa miaka mitatu hadi sita, kiasi cha njegere. Na mzazi ndiye ashike mswaki. Mtoto asiyeweza kufunga kamba za viatu hawezi kuyafikia magego yake ya nyuma, hata akilia kwamba anataka kujipigia mwenyewe.

Wanaoishi Bonde la Ufa, mathalani sehemu za Nakuru na Naivasha, wana shida ya namna nyingine. Maji ya visima vingi huko yana floraidi kupita kiasi, na mtoto akiyanywa wakati meno ya ukubwani yanaumbika ndani ya ufizi, hutoka yakiwa na madoa ya kahawia yasiyosuguka. Kuyachemsha hakusaidii, kwani maji hupungua na floraidi ikabaki. Kwa kunywa na kupikia uji wa watoto, maji ya mvua yaliyotekwa vizuri ni bora.

Mtoto wa jirani ametimiza miaka sita juzi. Mamake alinionyesha gego jipya lililochomoza nyuma ya mengine, akauliza ni la utoto au la. Si la utoto. Magego haya manne hujitokeza kimya kimya bila jino lolote kung'oka, ndiyo maana wazazi wengi huyachanganya na yale ya utotoni na kuyaacha yaoze. Hayana mengine ya kuyarithi. Siku hizi kila jioni mtoto huketishwa kwenye stuli karibu na taa, kinywa wazi, na mamake huanza kupiga mswaki huko huko nyuma.