Fahamu: Kifungashio gani kinafaa mafuta ya nta ya Tabora?

Tabora inasifika kwa asali, na penye asali nta haikosekani. Kwa mjasiriamali wa Kitete, mjini Tabora, anayetengeneza mafuta ya ngozi kwa nta, kifungashio kinagusa mfuko wake na mazingira yake.

Sheria inasemaje?
Tangu Juni 1, 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, maarufu kama Rambo, imepigwa marufuku Tanzania Bara. Chupa na makopo ya plastiki bado yanaruhusiwa, lakini yakitupwa huziba mitaro, na yakichomwa hutoa moshi wenye sumu.

Uchague kipi?
Anza na kilichomo ndani. Mafuta magumu ya nta hayana maji, hivyo kikopo cha alumini chenye kifuniko cha kukaza kinatosha, na alumini huyeyushwa ikatumika tena. Losheni yenye maji huota ukungu upesi. Itie kwenye chupa yenye pampu, vidole visiiguse. Chupa ya kioo hutumika tena mara nyingi, ila ni nzito na huvunjika safarini. Ukilazimika kutumia plastiki, tafuta yenye namba 1 au 2 kitakoni, kwani hurejelezwa kwa urahisi zaidi.

Vipi "plastiki inayooza"?
Usiiamini haraka. Nyingi huhitaji joto kali la mtambo maalumu. Zikitupwa jalalani hukaa miaka.

Uanze wapi?
Mpunguzie bei mteja anayerudisha kikopo. Kioshe kwa maji moto na sabuni, kikauke kabisa, ndipo ukijaze.