Choo Kimefungwa, Ufunguo Uko kwa Nani?

Mwezi huu tunataka kuongea juu ya jambo ambalo wengi wetu tunaona haya kulitaja, na hata sisi wenyewe tulibishana kama linafaa kuandikwa katika jarida la familia. Ni jambo la choo. Si choo cha nyumbani, hicho tumekwisha kukiandika mara nyingi. Ni choo cha mahali pa watu wengi: kwenye posho, sokoni, hospitalini, stendi ya mabasi. Umefika, haja imekubana, na mlangoni kunaning'inia kufuli.

Tuanze na siku ya posho, maana hiyo tunaijua sote. Mama ametoka nyumbani alfajiri na kadi yake, magunia, kidumu cha mafuta, na mtoto mgongoni. Ikifika saa nne jua limekwisha kuwa kali na foleni bado ndefu. Vyoo vipo, milango minne, vya matofali na bati. Mwezi uliopita tulikwenda kuviangalia kwa macho yetu. Milango mitatu ilikuwa na kufuli. Wa nne ulikuwa wazi, lakini ndani hapakuwa na mahali pa kuweka mguu.

Mama mmoja mjamzito alikuwa amesimama pale anamwomba mlinzi.

"Papa, samahani, tufungulie kidogo."

"Mama, ufunguo si wangu. Mwenye ufunguo amekwenda kula."

"Atarudi saa ngapi?"

"Aa, hiyo mimi sijui."

Mlinzi hakumjibu vibaya. Alikuwa anasema kweli. Tukauliza ufunguo uko kwa nani, mmoja akatutuma kwa mwingine, na huyo kwa mwingine, mpaka tukarudi kwa mlinzi yule yule. Na mama yule? Alikwisha kuzunguka nyuma kwenye mahindi.

Tuliongea na wamama kwenye foleni ile, tukauliza wanafanya nini siku kama hiyo. Wengi walitujibu jibu moja: hawanywi maji. Mmoja alisema anaacha kunywa tangu jioni ya jana yake, anakula kidogo asubuhi, na anajikaza mpaka arudi nyumbani. Mwingine alicheka akasema, "Sisi wamama tumezoea." Kweli tumezoea. Lakini mwili haujazoea, na hapa ndipo tunataka msome polepole.

Mtu asipokunywa maji na akabana mkojo kwa saa nyingi, mkojo unakuwa mzito na unakaa ndani. Vijidudu vinapata nafasi ya kuzaana humo. Wanawake wanaumia zaidi kuliko wanaume kwa sababu njia yao ya mkojo ni fupi, vijidudu havina safari ndefu ya kufika kwenye kibofu. Dalili zake ni kuungua wakati wa kukojoa, kwenda haja kila mara na kutoa matone tu, na maumivu chini ya kitovu. Ikifuata homa, au maumivu ya kiuno na mgongo, basi ugonjwa unaweza kuwa umepanda mpaka kwenye figo, na huo si wa kungojea kesho. Kwa mama mjamzito ni hatari zaidi, maana unaweza kuleta uchungu kabla ya siku zake. Mjamzito akiona hata dalili ile ya kwanza tu, aende kwa mganga siku hiyo hiyo. Na asiache kunywa maji kwa ajili ya foleni. Tunarudia: asiache kunywa maji.

Wengine wanakwenda kwenye mahindi au kichakani. Hatuwezi kuwalaumu, haja haina mahakama. Lakini huko nako kuna mambo. Mwanamke peke yake kichakani hayuko salama, iwe mchana au jioni. Na shamba lile mara nyingi ni la mwenyeji wetu. Yeye akija kupalilia akakuta uchafu, hatamtafuta mtu mmoja aliyeufanya. Atasema wakimbizi. Tunajua maneno ya namna hiyo yalivyoharibu ujirani mahali pengine.

Tena kuna kipindupindu. Baadhi yenu mlikuwapo Kagunga mwezi wa tano mwaka 2015, pale ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, maelfu kwa maelfu ya watu kutoka Burundi katika kijiji kidogo, vyoo hakuna vya kutosha na maji ni yale yale ya ziwa. Kipindupindu kilipoingia, watu zaidi ya 30 walikufa kabla hakijazimwa. Wengine mlipanda meli ya Liemba hadi Kigoma mkalala kwenye uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika. Na wazee waliokuwa Goma mwaka 1994 wameona makubwa kuliko hayo. Hatuwakumbushi ili kuwatisha. Tunataka ieleweke kwamba choo kikifungwa, haja haifungwi pamoja nacho. Inahama tu, inakwenda nyuma ya ukuta, na mvua inaileta kisimani.

Sasa, kwa nini vinafungwa? Tulidhani ni roho mbaya. Kumbe ukiuliza vizuri unakuta sababu, na nyingine zina ukweli ndani yake. Shimo limejaa. Bamba la kukanyagia limepasuka, wanaogopa mtoto asitumbukie. Hakuna anayelipwa kusafisha, basi yule aliyeambiwa "simamia choo" anaona njia nyepesi ni kufuli, kwa sababu choo kisichotumika hakichafuki. Na sisi watumiaji tuna sehemu yetu. Tunaingia, tunakosea shimo, tunatoka mbio kama wezi. Nani atatufungulia tena?

Hata hivyo, kufungia watu mia kadhaa kwa sababu ya wachache hatukubaliani nako. Mwaka 2010, tarehe 28 mwezi wa saba, Mkutano Mkuu wa Umoja wa Mataifa ulikubali kwamba maji safi na choo ni haki ya kila binadamu. Tena mashirika ya misaada yana kitabu chao cha viwango kinachoitwa Sphere. Toleo lake la mwaka 2018 linasema sokoni kiwepo angalau choo 1 kwa meza 50 za biashara wakati wa dharura, na baadaye 1 kwa meza 20. Kwa wagonjwa wanaokuja na kurudi nyumbani, 1 kwa watu 50, na baadaye 1 kwa 20. Vyoo vya wanawake viwe vitatu kwa kimoja cha wanaume. Na kitabu hicho kinataka mlango uwe na komeo la ndani, ili anayeingia ajifungie. Kufuli letu sisi liko upande wa nje. Wawakilishi wa blok, mkienda kwenye mikutano, chukueni hesabu hizi mkononi. Ukisema "vyoo havitoshi" wataandika tu. Ukisema "soko lina meza mia mbili na choo kimoja kilicho wazi" watakuuliza umehesabu lini, na hapo mazungumzo yameanza.

Lakini mkutano ni mwisho wa mwezi na mtoto anataka kujisaidia sasa hivi. Kwa hiyo, haya ndiyo tuliyojifunza kwa wamama wenyewe.

Ukifika mahali, uliza ufunguo kabla hujashikwa. Usingoje. Mtume mtoto mkubwa au jirani wa foleni aulize ufunguo uko kwa nani na mwenyewe anakula saa ngapi. Wamama wa blok moja wanafanya hivi kila posho: mmoja wao anakwenda kuchukua ufunguo asubuhi kwa jina lake, wengine wanamlindia nafasi, na jioni anaurudisha choo kikiwa kimepigwa maji. Mwenye ufunguo sasa anawapa bila maneno, kwa sababu anajua wa kumwuliza. Hii ndiyo tuliyoipenda kuliko zote.

Choo kikiwa kibovu kabisa, bisha hodi nyumba ya karibu. Usiingie chooni kwa mtu kimya kimya, hata kama mlango ni wa turubai tu. Piga hodi, salimia, omba. Na usiende mikono mitupu: chukua kidumu cha lita tano kutoka bombani, mwachie mwenye nyumba maji ya kunawia. Ni kitu kidogo, lakini mtu anayepata maji kila mgeni anapokuja hatachoka na wageni.

Kwa mtoto mdogo, beba kopo lenye mfuniko, lile la maziwa ya unga linafaa. Zamani tulikuwa tunatumia mifuko ya rambo, lakini mnajua Tanzania ilipiga marufuku mifuko hiyo tangu tarehe 1 mwezi wa sita 2019, na kwa kweli ilikuwa inapasuka njiani. Weka majivu kidogo chini ya kopo. Akimaliza, ongeza majivu, funika, ukamwage chooni nyumbani. Msidanganywe na maneno kwamba kinyesi cha mtoto hakina madhara. Kina vijidudu kama cha mtu mzima, na mara nyingi zaidi, kwa maana watoto ndio wanaoharisha.

Wasichana na wamama walio katika siku zao, hapa wababa wasigeuze ukurasa, nanyi mna mabinti. Msichana akijua choo cha shule au cha soko kimefungwa, anabaki nyumbani. Hasemi sababu, anasema kichwa kinauma. Mwekee kwenye mfuko wake vitambaa viwili safi, kipande cha sabuni, chupa ya maji na kikopo cha kuwekea kilichotumika. Na umwambie nyumba gani karibu na shule anaweza kubisha hodi. Mama zungumza na mama wa nyumba hiyo mapema, usimwachie mtoto kazi ya kueleza.

Kama hakuna choo na hakuna nyumba, basi nendeni wawili. Beba kijembe au hata kijiti kigumu, chimba shimo, funika kwa udongo. Kaa mbali na kisima au mto, si chini ya hatua 50 ndefu, na usiwe upande wa juu ambako maji ya mvua yanateremka kwenda kwenye kisima. Ukirudi nawa kwa sabuni, na sabuni ikikosekana, majivu.

Wazee na wenye ulemavu wana shida yao tofauti. Mzee mmoja mwenye magongo alituambia kwamba yeye hasumbuliwi na kufuli, maana hata kikiwa wazi hakuna pa kushika akitaka kuchuchumaa. Kwa yeye, dawa ni kumtuma mtu mwingine na kadi kama anaruhusiwa, na kuwaomba wanaogawa wamtangulize. Hilo aliombe kiongozi wake wa kijiji kabla ya siku yenyewe.

Safari ya nje ya kambi ni habari nyingine. Wale wanaopewa kibali kwenda hospitali ya Kasulu au Kigoma wanajua barabara ile. Vyoo vya stendi vingi ni vya kulipia, basi tenga sarafu mfuko wa pembeni, usianze kufungua fundo la kitenge mbele ya watu. Garini, mwambie kondakta mapema. Watanzania wanaita "kuchimba dawa," ukisema hivyo ataelewa bila kukuaibisha. Na kama unasafiri na mgonjwa, keti karibu na mlango.

Kwa njia, msifikiri ni shida ya kambi peke yake. Ndugu yetu mmoja aliyekwenda Marekani alitupigia simu akasema kule mjini anaweza kutembea muda mrefu bila kuona choo cha watu wote, na akiingia dukani anaambiwa ni cha wateja tu. Alinunua chai asiyoitaka ili apewe ufunguo. Tulicheka sana, halafu tukanyamaza, kwa sababu tulikumbuka jambo.

Choo cha ofisi ya jarida hili kiko karibu na njia ya sokoni. Nacho kina kufuli. Ufunguo ulikuwa kwenye droo ya meza yetu, na siku za soko watu walikuwa wanabisha, sisi tunasema "ni cha wafanyakazi." Tulikuwa na sababu: mara mbili tulikikuta kimechafuliwa, na mara moja ndoo iliibwa. Tulipokuwa tunaandika makala hii, mmoja wetu akauliza, "Na sisi je?" Hakuna aliyejibu haraka. Tulibishana siku mbili, kweli. Mwingine alisema tutajuta. Huenda.

Tangu wiki iliyopita ufunguo uko kwenye msumari, upande wa kushoto wa mlango wa ofisi, umefungwa kwa kamba nyekundu na kipande cha mti ili usipotee. Kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi, siku za soko na siku za posho. Kibuyu chirizi kiko nje, sabuni imefungwa kwa kamba. Ndoo tumenunua nyingine. Ukikuta haina maji, bomba liko nyuma ya kanisa la matofali, na ukirudi urudishe ufunguo pale pale.