Kitambi na sindano ya homoni
Kitambi kikianza kuficha mshipi, usikimbilie sindano ya testosteroni. Kwa mwenye upungufu, hupunguza mafuta kwa kilo chache na kuongeza misuli, hivyo mizani hubadilika kidogo tu. Lakini huzima utengenezaji wa mbegu za kiume. Ukiwa bado unataka watoto, jihadhari sana! Damu nayo huweza kuwa nzito.

Mafuta yenyewe hugeuza testosteroni kuwa homoni ya kike. Ukikonda, yako hupanda bila dawa. Hapa Garissa mimi humwuliza mgonjwa kwanza: chai vikombe vingapi, sukari vijiko vingapi, na soda ngapi za kuteremshia miraa? Upungufu wa kweli huthibitishwa kwa kupima damu ya asubuhi, mara mbili.