Kabla Hedhi Haijarudi

Mwanamke aliyejifungua anaweza kushika mimba nyingine bila kuona hedhi hata mara moja. Yai hupevuka kwanza; damu hufuata wiki mbili hivi baadaye, na hapo ni iwapo mimba haikutungwa. Kwa hiyo anayengoja damu ndipo aanze kujihadhari anangoja dalili inayofika mwisho. Damu ya nifasi haimo katika hesabu hii. Kwa kawaida hukatika ndani ya wiki 4 hadi 6, na kwa mama anayenyonyesha mfululizo, damu ya siku 56 za mwanzo haihesabiwi kuwa hedhi.

Asiyenyonyesha hana nafasi kubwa. Yai lake la kwanza linaweza kutoka mapema, ndiyo maana wahudumu wa afya humhesabu kuwa anaweza kupata mimba kuanzia siku ya 21, yaani kabla hata arobaini haijatimia.

Anayenyonyesha ana kinga ya aina yake. Mtoto anapovuta chuchu, neva hupeleka ujumbe kwenye sehemu ya ubongo inayotawala homoni za uzazi, na homoni zinazokomaza yai hufifia. Kinachozuia ni kitendo chenyewe cha kunyonya, si wingi wa maziwa. Mwaka 1980 watafiti Melvin Konner na Carol Worthman walieleza habari za wanawake wa !Kung wa Kalahari, waliokuwa wakinyonyesha mara kadhaa kwa saa, dakika chache kila mara. Watoto wao walipishana kwa takriban miezi 44 bila dawa yoyote. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki kulikuwa na kinga nyingine, hofu ya kubemenda mtoto, yaani kumdhoofisha kwa kujamiiana angali ananyonya, iliyowatenga wazazi mpaka mtoto aachishwe ziwa. Kujamiiana hakuharibu maziwa, lakini hofu hiyo ilipanga uzazi kwelikweli.

Mwaka 1988 wataalamu waliokutana Bellagio, Italia, walikubaliana juu ya masharti matatu ya kutegemea kinga hii ya kunyonyesha: hedhi haijarudi, mtoto ananyonya maziwa ya mama pekee au karibu pekee, mchana na usiku, na hajatimiza miezi 6. Yakitimia yote, kinga huzidi asilimia 98. Likivunjika moja, mama atafute njia nyingine siku hiyo hiyo. Na huvunjika kwa mambo madogo. Bibi anaanza kumpa mjukuu uji mwezi wa tatu. Mtoto anazoea kulala usiku kucha, majirani wanamsifu, kumbe pengo la zaidi ya saa 6 bila kunyonya limekwisha kuulegeza ule ujumbe wa ubongoni. Kazi nayo ina sehemu yake: likizo ya uzazi ni siku 84 Tanzania na miezi 3 Kenya, nusu tu ya muda unaotajwa na masharti haya. Maziwa ya kukamua humshibisha mtoto, ila hayana nguvu ileile ya kuzuia yai. Katika utafiti wa Chile uliochapishwa mwaka 2000, kati ya mama waliokuwa kazini wakikamua maziwa, takriban 5 katika kila 100 walishika mimba ndani ya miezi 6.

Masharti hayo yakishapita, dalili inayotangulia nyingine zote ni ute wa mlango wa kizazi. John Billings, daktari wa Melbourne, Australia, alianza kuuchunguza mwaka 1953, na baadaye akaungana na mkewe Evelyn, naye daktari. Kwa mama anayenyonyesha, homoni ya estrojeni huwa chini, hivyo siku nyingi huwa kavu kabisa, au huwa na unyevu usiobadilika siku baada ya siku. Hali hiyo ndiyo ya kuifahamu kwanza, na inahitaji wiki mbili za kutazama: anavyojisikia mchana akiwa katika shughuli zake, na anachokiona kwenye karatasi au kitambaa kila aendapo msalani. Usiku anaandika neno moja au mawili kwenye daftari. Asubuhi baada ya kujamiiana shahawa huvuruga usomaji, kwa hiyo siku hiyo haitoi jibu.

Kinachotafutwa ni badiliko. Ute ukiongezeka, ukawa mwepesi, unateleza na kuvutika kama ute wa yai bichi, estrojeni imepanda na yai linaweza kuwa njiani. Mbegu za kiume huishi hadi siku 5 ndani ya ute wa namna hiyo, ilhali yai lenyewe halizidi saa 24. Ugumu wa kipindi hiki ni kwamba mwili hujaribu na kuacha: ute huja siku tatu, hukauka, hurudi tena baada ya wiki, na yai halijatoka bado. Kila badiliko linahesabiwa kuwa la hatari mpaka hali ya kawaida irudi na zipite siku 3. Majimaji yenye harufu mbaya, muwasho au rangi ya kijani ni ya kupeleka hospitali, si ya kuandika kwenye daftari.

Joto la mwili hupanda kwa nyuzi 0.2 hadi 0.5 za Selsiasi baada ya yai kutoka. Hupimwa alfajiri kabla ya kuinuka kitandani, na linataka usingizi wa saa tatu mfululizo, kitu adimu kwa mwenye kichanga. Tena linathibitisha yaliyopita tu, halionyi.

Hedhi ya kwanza haimalizi shaka. Mizunguko ya mwanzo huwa mirefu au isiyo na mpangilio, na mingine haina yai. Shanga za kuhesabia siku zilizobuniwa katika Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, ambazo huashiria siku ya 8 hadi ya 19 kuwa za hatari, zinamfaa mwenye mzunguko wa siku 26 hadi 32 pekee. Aliyejifungua hushauriwa asizitumie mpaka apate angalau mizunguko 3 na irudie mpangilio wake.