Kulegeza, Kufungua na Kuchomoa: Vitenzi vya Plagi

Mfasiri wa vitabu vya ufundi aghalabu huhangaikia nomino. Akishapata jina la kila kipuri hudhani kazi imekwisha. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba kitenzi kilichotumiwa ovyo chaweza kuharibu injini.

Tuchukue mfano wa pikapu za Ford F-150 zilizoundwa Marekani kuanzia mwaka 2004, zenye injini ya petroli ya lita 5.4 na silinda 8. Plagi zake za awali zilikuwa za vipande viwili vilivyounganishwa, na sehemu ya chini ilikuwa ndefu na nyembamba. Masizi hujikusanya baina ya sehemu hiyo na tundu lake, yakaigandisha. Fundi akitumia nguvu, kipande cha juu hutoka na cha chini husalia ndani ya kichwa cha silinda.

Kwa sababu hiyo kiwanda kilitoa maelekezo ya hatua kwa hatua. Kwanza, injini ipoe. Pili, plagi "ilegezwe" kwa kuzungushwa si zaidi ya robo mzunguko. Tatu, dawa ya kusafishia kabureta imiminwe katika shimo la plagi na kuachwa kwa dakika 15 au zaidi, ili ipenye na kulainisha masizi. Nne, plagi izungushwe mbele na nyuma, kidogo kidogo, mpaka "ifunguke". Hapo ndipo "ichomolewe". Plagi mpya hupakwa grisi ya nikeli sehemu ya chini, isipokuwa kwenye ncha itoayo cheche, kisha "hukazwa" kwa spana ya kipimo.

Kulegeza ni kupunguza mkazo tu. Kufungua ni kuzungusha hadi hesi ziachane. Kuchomoa ni kuvuta kitu kilichokwisha kuwa huru. Mfasiri akiandika "chomoa" mahali pa "legeza", amemwamuru fundi avunje plagi. Kosa hili huchochewa na neno lenyewe, kwani plagi ya umeme wa nyumbani huchomolewa kwa kuvutwa.

Tunapendekeza, basi, mfasiri aandike "plagi ya injini" anapoitaja mara ya kwanza, na kabla ya kupeleka mswada wake kwa mpiga chapa, amsomee fundi mwenye spana mkononi. Fundi akisita, kitenzi kibadilishwe.