Mguu umepinda, na mgongo utazamwe

Mtoto anapozaliwa na mguu kifundo, nyayo zikiwa zimegeukia ndani, macho ya wote huenda miguuni. Hakuna ajabu, maana kasoro yenyewe iko pale, tena si ngeni: katika kila watoto elfu moja wanaozaliwa, mmoja hivi huwa nayo. Wengi wao, kama wanne kati ya watano, hawana tatizo jingine lolote. Wasiwasi wangu ni huyo wa tano. Huenda mguu wake umepindishwa na misuli isiyovutana sawasawa, kwa sababu mishipa ya fahamu inayoiendesha ina hitilafu mgongoni. Ndiyo maana nasema uchunguzi wa mguu uliopinda haujakamilika mpaka mtoto avuliwe nguo, alazwe kifudifudi na atazamwe mgongo wote, kuanzia shingoni hadi matakoni.

Mgongo wazi wenye uvimbe haumpiti mkunga. Unaopita ni ule uliofunikwa na ngozi, nao mara nyingi huacha dalili kiunoni: kishungi cha nywele, uvimbe laini wa mafuta, baka jekundu, au kishimo kilicho juu ya mfereji wa matako. Chini ya dalili hiyo, ugwe wa fahamu unaweza kuwa umenasa, na kadiri mtoto anavyorefuka ndivyo unavyovutwa. Hapo mguu uliokuwa mzima huanza kupinda akiwa tayari anasoma shule, au aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani akarudia. Inauma kufikiri kwamba mtoto wa namna hiyo anaweza kuchapwa kwa ugonjwa.

Wapo watakaosema kipimo cha MRI ni ghali na wazazi watatishwa bure. Gharama ni kweli, lakini sidai kila mtoto apelekwe huko. Kumtazama na kumpapasa mgongo hakulipiwi. Akionekana na dalili, katika miezi mitatu ya mwanzo ultrasaundi inaweza kuonyesha kilichomo, kwa kuwa mifupa ya mgongo bado haijakomaa. Kishimo kidogo kilicho karibu na njia ya haja kubwa kwa kawaida hakina madhara, na mzazi aelezwe hivyo waziwazi. Wala matibabu hayangoji majibu. Njia ya Daktari Ignacio Ponseti wa Iowa, Marekani, ya kunyoosha mguu kidogokidogo kwa hogo linalobadilishwa kila wiki, inaweza kuanza huku mgongo ukichunguzwa. Hata hogo lenyewe linahitaji taarifa hiyo: mtoto mwenye mgongo wazi huenda hasikii maumivu mguuni, hivyo linaweza kumchubua hadi kidonda asilie. Anayemfunga akijua mapema ataweka pamba zaidi, atakagua ngozi kila anapolibadilisha, na atamweleza mama kwamba mguu wa namna hii hurudi kupinda mara nyingi kuliko mingine, kwa hiyo viatu vya kuushikilia visiachwe.