Mgeni wa Usiku na Hesabu ya Nyumba za Wageni

Basi lilituteremsha Shinyanga saa tisa na nusu ya usiku. Aliyezoea safari za miaka iliyopita angeshangaa, maana kwa muda mrefu, hata ikakaribia miaka thelathini, mabasi ya abiria nchini mwetu hayakuruhusiwa kutembea usiku wa manane. Saa ya katazo ilipotimia, dereva aliegesha gari katika mji wowote aliofikia, na abiria wakajitafutia pa kujilaza: wenye nacho katika nyumba za wageni, wengine juu ya viti vyao na watoto mapajani. Katazo hilo liliondolewa mwaka 2023. Kisha, Juni 2025, likafunguliwa Daraja la John Pombe Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 na ushei, na msafiri wa Geita apitiaye Usagara hangoji tena kivuko.

Basi msafiri halazwi tena njiani kwa lazima. Lakini amezuka mgeni wa namna nyingine, ambaye nyumba zetu za kulala wageni bado hazijamzoea: yule ashukaye usiku mkubwa, akitaka saa chache za kunyoosha mgongo na maji ya kuoga kabla ya kupanda gari la pili. Usiku ule mgeni huyo nilikuwa mimi. Gari langu la kwenda Geita lilikuwa la saa sita mchana.

Nyumba niliyoingia haikuwa ya anasa wala ya ovyo, ni ya bei ya kati kama wanazolala makarani, wafanyabiashara wadogo na walimu walio safarini. Kijana wa mapokezi aliamka juu ya mkeka, akaniamkia kwa adabu, akanipa daftari. Jina, kabila, kazi, nitokako, niendako, sahihi. Miaka yote hii tangu Azimio la Arusha, na bado sijapata kuelezwa kabila la mgeni humsaidia nini mfua mashuka. Nikalipa shilingi 35,000, chai ya asubuhi ikiwa ndani yake.

Nyuma yangu alisimama mama mmoja, mtoto mgongoni, naye akielekea Katoro. Aliposikia bei aliuliza kwa upole kama angeweza kulipa nusu, kwa kuwa kulikuwa karibu kupambazuke. Akajibiwa kwamba chumba hakikatwi vipande. Alishukuru, akafunga kanga yake vizuri, akarudi stendi.

Chumba chenyewe sina la kukilaumu. Chandarua kilikuwa kizima, mlango ulifungika, na bomba lilitoa maji. Hili la maji si dogo kwa mji wa nchi kavu kama Shinyanga. Tangu mwaka 2009 maji ya Ziwa Viktoria, yavutwayo kutoka Ihelele wilayani Misungwi, hufika Shinyanga na Kahama, na mgeni wa leo huoga bila kukumbuka shida ya ndoo waliyoijua wageni wa zamani.

Saa nne kamili za asubuhi mlango ukagongwa.

"Mzee, muda umekwisha. Ukiendelea kukaa inahesabiwa siku ya pili."

"Mwanangu, mimi nimeingia saa tisa na nusu."

"Najua, mzee, mimi ndiye niliyekuandikisha. Lakini ndivyo tulivyoelekezwa."

Nilikuwa nimelala, kwa hesabu ya haki, saa sita na nusu. Nilitaka saa moja na nusu zaidi. Kwa hizo niliombwa shilingi 35,000 nyingine. Nikachukua mfuko wangu, nikaenda kukaa stendi, na hapo nikamkuta yule mama, macho mekundu, mtoto amelala juu ya furushi. Aliniambia kwamba fedha ile ndiyo iliyokuwa nauli yake ya kufikia kwa mumewe machimboni.

Nimejaribu kuwaelewa wenye nyumba. Shuka hufuliwa, aliyelalia awe amelala saa nne au kumi. Mlinzi hulipwa usiku kucha. Tena nyumba yenye heshima inaogopa kuuza chumba kwa saa, kwa kuwa kila mtu mzima anajua nyumba zinazouza hivyo zinasifika kwa nini, hasa katika miji ya machimbo ambako fedha hupatikana jioni na kumalizika kabla ya jogoo kuwika. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mwenye tiketi ya basi mkononi, yenye tarehe na mahali atokapo, si mtu wa kudhaniwa hivyo, na mama mwenye mtoto mgongoni ndiyo kabisa.

Geita nilifikia kwa mama mmoja mtu mzima, mwenye vyumba vichache. Kwake siku ya mgeni huanza saa aliyoingia na kwisha saa ile ile kesho yake. Nilipomwuliza kama hapati hasara, alisema wageni wake wanarudi. Daftari lake halikuwa na mahali pa kuandika saa, naye alikuwa amechora safu nyingine kwa rula, ukurasa baada ya ukurasa.

Katika mji huo huo lipo soko la madini lililofunguliwa Machi 2019, ili mchimbaji mdogo apimiwe dhahabu yake kwa mizani, hadharani, bei ikijulikana. Ikiwa gramu moja ya mchimbaji inastahili mizani, sioni kwa nini saa za msafiri ziendelee kukadiriwa kwa macho katika mikoa hiyo hiyo. Halmashauri hukusanya ushuru wa nyumba za kulala wageni. Basi zinazijua nyumba hizo zote, na zina sauti ya kuzitaka zibandike ukutani bei na namna ya kuhesabu siku, na zimhesabie mwenye tiketi tangu saa aliyoingia. Madaftari mapya yakichapishwa, safu ya kabila na ifutwe, na mahali pake iandikwe saa ya kuingia.